Mwongozo wa Kutafuta Ubia na Ufadhili wa Serikali kwa Utafiti wa Ufanisi wa Nishati Katika Majengo

Majengo hutumia takriban asilimia 30 ya nishati yote inayowafikia watumiaji wa mwisho duniani, na sehemu ya nishati hiyo hupotea kwa sababu ambazo wahandisi wamezijua kwa muda mrefu: paa linalopitisha joto, dirisha lenye kioo kimoja, mtambo wa kupoza hewa uliofungwa ukiwa mkubwa kuliko mahitaji, taa zinazowaka chumba kikiwa kitupu. Hata hivyo, soko likiachwa peke yake hugharamia kidogo sana utafiti wa kuziba upotevu huo. Anayejenga mara nyingi siye atakayelipa bili ya umeme, mpangaji anayelipa bili hana mamlaka ya kugusa ukuta, na kampuni nyingi za ujenzi ni ndogo mno kuweza kuendesha maabara. Faida ya ugunduzi mmoja husambaa kwa watu wengi bila kumrudia aliyeugharamia. Hapo ndipo serikali inapoingia, na ikiingia vizuri matunda huwa makubwa. Tathmini ya National Research Council, baraza la wanasayansi linaloishauri serikali ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2001 ilibaini kwamba utafiti wa ufanisi wa nishati uliogharamiwa na Wizara ya Nishati ya nchi hiyo tangu 1978 ulileta faida ya kiuchumi ya takriban dola bilioni 30, na kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo ilitokana na miradi michache ya gharama ndogo iliyohusu majokofu, balasti za kielektroniki (vifaa vinavyodhibiti umeme) za taa za mirija, na vioo vya dirisha vyenye utando mwembamba unaozuia joto kupita.

Miradi hiyo haikufanikiwa kwa sababu ya ubora wa sayansi pekee. Ilifanikiwa pia kwa kuwa upande wa pili palikuwa na watu waliohitaji jibu: watunga viwango vya vifaa, watengenezaji waliokuwa tayari kubadili mitambo yao, na maofisa waliopaswa kuandika kanuni. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja hiyo. Mtafiti anayeanza kwa kutafuta fedha hujikuta akipindisha swali lake kila wito wa maombi unapotangazwa, ilhali anayeanza kwa kutafuta uamuzi unaosubiri ushahidi huwa na swali lililosimama imara, kisha fedha hutafutiwa mlango unaolingana nalo.

Hatua ya kwanza: Tafuta uamuzi unaosubiri ushahidi

Serikali hugusa nishati ya majengo kwa njia kuu nne. Inaandika kanuni za ujenzi, inaweka viwango vya chini vya ufanisi kwa vifaa kama viyoyozi na majokofu, inatoa ruzuku au nafuu ya kodi kwa wanaokarabati majengo, na yenyewe inamiliki majengo mengi ambayo bili zake hulipwa kwa fedha za umma. Kila moja ya njia hizo ina kalenda yake. Kanuni za ujenzi hupitiwa upya kwa mizunguko ya miaka kadhaa, viwango vya vifaa huwa na tarehe za mapitio, na bajeti za ukarabati hufuata mwaka wa fedha. Utafiti ambao matokeo yake yatatoka miezi 6 baada ya kanuni kupitishwa utasubiri mzunguko mwingine mzima, hata kama ni mzuri kiasi gani.

Soma basi mkakati wa nishati wa serikali unayoilenga, rasimu za kanuni zilizotolewa kwa maoni ya umma, kumbukumbu za maoni hayo, na ripoti za mkaguzi wa hesabu za serikali kuhusu gharama za uendeshaji wa majengo. Kumbukumbu za maoni zina thamani ya pekee, kwa sababu ndimo yanapoandikwa mabishano ambayo ofisi ilishindwa kuyamaliza kwa kukosa takwimu. Pale ofisa anapoandika kwamba pendekezo fulani limeahirishwa hadi upatikane ushahidi zaidi, mtafiti amepewa swali lake bila kulipia.

Ukishapata uamuzi, andika swali katika sentensi moja yenye aina ya jengo, badiliko litakalofanywa, kipimo kitakachotumika, na mtu atakayetumia jibu. “Kuchunguza athari za mapaa yanayoakisi jua” si swali bado. Swali ni hili: kanuni ikilazimisha mapaa ya ofisi za ghorofa moja yawe na kiwango fulani cha kuakisi mwanga wa jua, umeme wa kupoza hewa utapungua kwa kiasi gani katika saa za mahitaji makubwa, na mwenye jengo atarudisha gharama yake kwa muda gani? Swali la namna hii humwezesha ofisa kuona, kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, ni wapi jibu litatiwa.

Hatua ya pili: Pima ukomavu wa wazo lako

Wafadhili wengi wa serikali hutumia mizani ya ngazi 9 za ukomavu wa teknolojia iliyoanzia NASA. Ngazi ya 1 ni kanuni ya kisayansi iliyoonekana tu, ngazi ya 4 ni sehemu zilizothibitishwa maabarani, ngazi za 6 na 7 ni mfano uliojaribiwa katika mazingira yanayofanana na ya kweli au ya kweli kabisa, na ngazi ya 9 ni mfumo uliokwisha kufanya kazi katika matumizi ya kawaida. Jiweke kwenye mizani hiyo kwa unyofu. Kizuia joto kipya kilichopimwa kwenye kipande cha sentimita chache hakijafika kwenye jengo, na kuomba fedha za maonyesho, yaani kukifunga na kukipima katika majengo kumi yanayotumika, ni kujitafutia kukataliwa. Vilevile, pampu ya joto (mtambo unaohamisha joto ili kupasha au kupoza jengo) inayouzwa madukani haihitaji ruzuku ya utafiti wa msingi. Inachohitaji ni ushahidi wa utendaji wake katika hali ya hewa mahususi na kwa mafundi wa kawaida.

Jambo moja husahauliwa na mizani hii: mbinu za kijamii na kiutawala, kama vile namna ya kuwapa wakazi taarifa za matumizi yao au muundo mpya wa mkataba wa ukarabati, nazo zina ukomavu wake. Zieleze kwa lugha hiyohiyo ya kuthibitishwa kidogo kidogo, na wakaguzi wa maombi watakuelewa.

Hatua ya tatu: Chagua aina ya mkono wa serikali unaouhitaji

Wengi wanaposikia ufadhili wa serikali hufikiria ruzuku tu. Ruzuku ni mlango mmoja, na si kila mara ndio unaofaa. Sheria ya Marekani ya 1977 kuhusu ruzuku na makubaliano ya ushirikiano inatofautisha mambo haya kwa kigezo kinachofaa kukumbukwa popote: lengo la fedha ni nini, na serikali itashiriki kwa kiasi gani katika kazi yenyewe. Katika ruzuku, mtafiti hufanya kazi yake na kutoa ripoti. Katika makubaliano ya ushirikiano, ofisi inayotoa fedha hushiriki kwa kina, huidhinisha hatua za mradi moja baada ya nyingine na inaweza kuusimamisha ikiwa lengo la katikati halikufikiwa. Katika mkataba wa ununuzi, serikali inanunua huduma au bidhaa ya utafiti kwa matumizi yake yenyewe, na masharti huwa makali zaidi kuhusu muda na kilichoahidiwa.

Kuna ubia usiohusisha fedha kutoka serikalini kabisa, na mara nyingine ndio wenye manufaa kuliko yote. Nchini Marekani, maabara za serikali huweza kuingia na kampuni au vyuo makubaliano ya utafiti na maendeleo ambamo maabara hutoa wataalamu, vifaa na majengo ya majaribio, lakini haimpi mbia fedha. Mbia ndiye anayeweza kuchangia fedha. Mojawapo ya maabara hizo, Lawrence Berkeley National Laboratory, ina kituo cha FLEXLAB, ambamo vyumba vya majaribio hubadilishwa vioo, taa na mitambo ya hewa na kupimwa sambamba chini ya jua lilelile. Kwa mtengenezaji mdogo wa dirisha, majuma machache katika kituo kama hicho yana uzito kuliko ruzuku ndogo ya kununulia vihisio ambavyo hana pa kuvifunga.

Njia nyingine ni serikali kuyafanya majengo yake yenyewe uwanja wa majaribio. General Services Administration, idara inayosimamia majengo ya serikali kuu ya Marekani, imekuwa ikiendesha mpango wa aina hiyo tangu 2011, ambapo teknolojia zilizo karibu na soko hufungwa katika majengo ya umma na kupimwa na maabara za taifa. Uzuri wa njia hii ni kwamba anayeshuhudia matokeo ndiye huyohuyo mnunuzi mkubwa. Kuna pia zawadi za ushindani, ambazo hulipa matokeo tu. Chini ya sheria ya nishati ya 2007, Wizara ya Nishati ya Marekani iliahidi zawadi kwa atakayetengeneza taa ya LED ya kuchukua nafasi ya balbu ya wati 60, na mwaka 2011 Philips ilishinda dola milioni 10. Zawadi humfaa mwenye mtaji wa kuanzia; chuo kisicho na akiba kisiitegemee.

Kwa ushirikiano unaovuka mipaka, milango miwili inastahili kujulikana. Wa kwanza ni mpango wa nishati katika majengo na jamii wa Shirika la Kimataifa la Nishati, ulioanzishwa mwaka 1977. Kazi zake hugawanywa katika miradi ya pamoja, na kwa kawaida kila nchi hulipia watafiti wake wenyewe. Mfano ni mradi namba 66, uliochunguza tabia za watu ndani ya majengo na jinsi ya kuziingiza katika programu za kukokotoa nishati. Faida ya kuingia humo ni mbinu za pamoja na majina ya watu wanaofanya kazi moja nawe. Wa pili ni Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, wenye bajeti iliyotangazwa ya takriban euro bilioni 95. Miradi yake ya ubia kwa kawaida hudai taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti, angalau moja ikiwa katika nchi mwanachama na nyingine mbili katika nchi wanachama au zilizojiunga na mpango. Taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati huweza kushiriki na kulipwa pia, jambo ambalo vyuo vingi hulipita bila kulitazama.

Hatua ya nne: Jenga ubia kabla wito haujatangazwa

Wito wa maombi mara nyingi huacha wiki 6 hadi 12 za kuandika. Muda huo hautoshi kumtafuta mwenye jengo, kumshawishi, kupata ridhaa ya wanasheria wake na kukagua kama mita zake zinafanya kazi. Anza mazungumzo mapema, na anza na yule ambaye kukosekana kwake kutaua mradi.

Katika utafiti wa majengo, mtu huyo karibu kila mara ni fundi mkuu au msimamizi wa jengo, hata pale barua rasmi inapotoka kwa mkurugenzi. Yeye ndiye anayejua ni valvu gani imekwama, ni ratiba gani ya mtambo ilibadilishwa kwa siri ili kuwanyamazisha walalamikaji, na ni chumba gani hakina kumbukumbu za matumizi. Mpe nafasi katika mradi, muwekee saa zake katika bajeti, na mwombe asome mpango wa vipimo kabla mtu mwingine yeyote hajausoma. Mradi unaomchukulia kuwa mlinzi wa funguo tu hupoteza takwimu zake katika mwezi wa pili.

Wengine wanaohitajika ni kampuni ya umeme au gesi inayoshika kumbukumbu za mita, mtengenezaji au mkandarasi atakayeweka badiliko, mtaalamu wa takwimu, na mtu mwenye ujuzi wa tabia za watu ikiwa wakazi wanahusika. Mwambie kila mbia akuandikie barua yenye ahadi inayopimika: majengo mangapi, takwimu za muda gani, saa ngapi za wafanyakazi, vifaa vya thamani gani. Barua inayosema tu kwamba taasisi “inaunga mkono kwa dhati” huhesabiwa na wakaguzi kama ukurasa mtupu.

Zungumza pia na ofisa wa mpango wenyewe, maadamu wito bado haujafunguliwa. Katika mifumo mingi, wito ukishatangazwa maofisa hawaruhusiwi kujibu maswali ya mwombaji mmoja faraghani, na maswali yote hujibiwa hadharani. Kabla ya hapo wako huru kusikiliza, na wengi wao wanapenda kusikiliza. Mpelekee ukurasa mmoja wenye swali lako la hatua ya kwanza, kisha muulize kama ofisi yake inaona pengo hilohilo.

Hatua ya tano: Sanifu vipimo kabla ya kuandika bajeti

Hapa ndipo maombi mengi ya ufanisi wa nishati hudhoofika. Nishati iliyookolewa haiwezi kupimwa moja kwa moja, kwa sababu ni nishati ambayo haikutumika. Hukadiriwa kwa kulinganisha matumizi ya baada ya badiliko na matumizi ambayo yangekuwepo bila badiliko, na hayo ya pili hayaonekani kwenye mita yoyote. Kila udhaifu katika ukadiriaji huo utakuwa udhaifu wa jibu utakalolipeleka serikalini.

Tumia itifaki ya kimataifa ya kupima na kuthibitisha uokoaji, IPMVP, kama lugha ya pamoja. Ina njia nne. Njia ya A hupima kigezo kimoja muhimu cha kifaa, kama vile nguvu ya taa, na kukadiria vingine, kama vile saa za kuwaka. Njia ya B hupima matumizi yote ya kifaa au mfumo uliobadilishwa. Njia ya C hutazama mita ya jengo zima. Njia ya D hutumia modeli ya kompyuta iliyosawazishwa na takwimu halisi, na hufaa pale ambapo hakuna kumbukumbu za kabla ya badiliko, kama katika jengo jipya. Njia ya C huvutia kwa urahisi wake, lakini ina kikomo: ikiwa uokoaji unaotarajiwa ni chini ya takriban asilimia 10 ya matumizi ya jengo, utamezwa na mabadiliko ya kawaida ya mwezi hadi mwezi. Mtafiti anayetarajia uokoaji wa asilimia 4 kutokana na vidhibiti vya taa, kisha akapendekeza kuusoma kwenye bili, anamwonyesha mkaguzi kwamba hajakokotoa lolote.

Kusanya kumbukumbu za msingi, yaani za matumizi ya kabla ya badiliko, kwa mzunguko kamili wa matumizi ya jengo, ambao kwa kawaida ni miezi 12, ili misimu yote iwemo. Rekebisha kwa hali ya hewa, kwa idadi ya watu na kwa saa za kazi. Iwapo unatumia programu ya kukokotoa nishati ya jengo kama EnergyPlus, eleza mapema ni kwa kiwango gani italingana na uhalisia. Mwongozo namba 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa, unakubali, kwa takwimu za kila mwezi, tofauti ya wastani kati ya modeli na vipimo isiyozidi asilimia 5 na mtawanyiko wa makosa usiozidi asilimia 15. Kwa takwimu za kila saa mipaka hiyo ni asilimia 10 na 30. Ukivitaja vipimo hivi katika andiko lako, mjadala na mkaguzi unahama kutoka kwenye imani kwenda kwenye hesabu.

Kwa vipimo vya gamba la jengo (kuta, paa, madirisha na milango) kuna taratibu zilizozoeleka. Uvujaji wa hewa hupimwa kwa feni inayofungwa mlangoni ikiweka tofauti ya shinikizo ya paskali 50 kati ya ndani na nje. Upitishaji joto wa ukuta uliokwisha kujengwa hupimwa kwa vibao vya kusoma mtiririko wa joto kwa kufuata kiwango cha ISO 9869, ambacho kinadai angalau saa 72 za usomaji mfululizo, na mara nyingi zaidi ya hapo pale tofauti ya joto kati ya ndani na nje inapokuwa ndogo. Mahali ambapo majengo hupozwa badala ya kupashwa joto, tofauti hiyo huwa ndogo muda mwingi, kwa hiyo panga siku za ziada.

Tenga pia majengo ya ulinganisho ambayo hayatabadilishwa. Watu wanapojua kwamba wanatazamwa hubadili tabia, na wanapopunguziwa gharama ya kupoza chumba baadhi yao hukipoza zaidi, hivyo sehemu ya uokoaji wa kihandisi hurudi kuwa starehe. Starehe hiyo ina thamani, hasa kwa wakazi ambao awali walivumilia joto au baridi kwa kukosa fedha, na utafiti wa haki huipima kwa joto la ndani ya vyumba badala ya kuiandika kama hasara. Ofisa wa sera anayekabidhiwa takwimu zote mbili, nishati na hali ya vyumba, anaweza kuitetea kanuni yake; aliyepewa moja tu atashangazwa na wanaoipinga wakimletea ile nyingine.

Hatua ya sita: Andaa bajeti inayofuata kanuni za mfadhili

Bajeti isomeke kama maelezo ya kazi kwa namba. Mita, vihisio, ufungaji wake, usawazishaji wake na mtu wa kuvikagua kila mwezi vinapaswa kuonekana waziwazi, pamoja na akiba ya vifaa vitakavyoharibika. Kosa linalojirudia ni kununua vihisio vingi na kutomtengea mtu yeyote muda wa kusafisha na kuchambua takwimu zake.

Fahamu mchango unaotakiwa kutoka upande wako. Sheria ya nishati ya Marekani ya 2005 kwa kawaida inadai mwombaji achangie angalau asilimia 20 ya gharama katika miradi ya utafiti na maendeleo, na angalau asilimia 50 katika maonyesho na matumizi ya kibiashara, ingawa waziri anaweza kupunguza masharti hayo. Chini ya Horizon Europe, miradi ya utafiti hulipwa hadi asilimia 100 ya gharama zinazokubalika, ilhali katika miradi ya ubunifu mashirika yanayotafuta faida hulipwa hadi asilimia 70; katika miradi inayolipwa kwa gharama halisi, gharama za jumla za taasisi hukokotolewa kwa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja. Mchango waweza kuwa wa vifaa, saa za wafanyakazi au matumizi ya jengo, mradi uthibitishwe kwa nyaraka. Mshirikishe mhasibu wa taasisi tangu mwanzo, kwa maana yeye ndiye atakayesimama mbele ya wakaguzi wa hesabu miaka mitatu baadaye.

Usajili nao una muda wake. Nchini Marekani mwombaji lazima asajiliwe katika mfumo wa SAM.gov na kupewa namba ya utambulisho, na shughuli hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mifumo ya nchi nyingine ina masharti ya aina hiyohiyo. Fanya usajili huo kabla ya kuandika neno la kwanza la andiko.

Hatua ya saba: Andika kwa ajili ya atakayetoa alama

Soma vigezo vya tathmini na upange sura zako kwa mpangilio wake. Horizon Europe hutazama ubora wa kisayansi, athari, na ubora wa utekelezaji. Kila kigezo hupewa alama kati ya 0 na 5, na kwa kawaida kiwango cha chini ni 3 kwa kila kimoja na 10 kwa jumla. Wahandisi huandika vizuri sehemu ya kwanza na kuichoka ya pili. Sehemu ya athari ndiyo mahali pa kurudisha uamuzi ulioupata katika hatua ya kwanza: taja ofisi, kanuni, tarehe ya mapitio, na namna matokeo yatakavyowasilishwa. Epuka kukokotoa kwamba teknolojia yako ikifungwa katika kila jengo duniani itaokoa kiasi fulani, kwa kuwa kila mwombaji anaweza kuandika hivyo. Eleza badala yake ni majengo ya aina gani yatakayoifunga kwanza, kwa nini, na nini kitawazuia wengine.

Weka hatari za mradi wazi pamoja na mpango wa kila moja. Jengo linaweza kuuzwa katikati ya utafiti, mpangaji mkubwa anaweza kuhama, msimu unaweza kuwa wa kipekee. Wakaguzi wenye uzoefu wanayajua hayo yote, na andiko lisiloyataja huonekana limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kupima jengo lenye watu.

Hatua ya nane: Kubaliana kuhusu takwimu na miliki bunifu kabla ya kutia saini

Kumbukumbu za umeme za kila dakika 15 hufichua saa ambazo watu wamelala, wametoka au wamesafiri. Pata ridhaa ya maandishi ya wakazi, ondoa majina na anwani, na punguza undani wa takwimu zinazotolewa hadharani. Serikali nyingi sasa zinadai takwimu za utafiti wa umma zichapishwe, na dai hilo ni la haki, lakini mpango wa kuzichapisha lazima ukubaliane na ahadi uliyompa mkazi.

Kuhusu uvumbuzi, usidhani kwamba fedha za umma humfanya kila mmoja kuwa mmiliki. Sheria ya Marekani ya 1980 iliruhusu vyuo vikuu na biashara ndogo kubaki na haki ya hataza za uvumbuzi uliogharamiwa na serikali kuu, huku serikali ikibaki na leseni ya kuutumia kwa shughuli zake. Katika makubaliano ya pamoja na maabara za serikali, baadhi ya takwimu zinaweza kulindwa zisitolewe kwa hadi miaka 5. Orodhesha kila mbia anakuja na nini tayari, nani atamiliki kitakachozaliwa, na nani anaweza kuchapisha lini. Mwanafunzi wa uzamivu aliyemo katika mradi atajwe kwa uwazi, maana tasnifu haiwezi kusubiri miaka mitano.

Hatua ya tisa: Tekeleza huku mpokeaji wa jibu akiwa karibu

Ripoti za robo mwaka kwa mfadhili ni wajibu wa mkataba. Mbali nazo, panga mikutano mifupi na ofisi inayosubiri ushahidi, kuanzia pale kumbukumbu za msingi zinapokamilika. Waonyeshe takwimu za awali pamoja na mashaka yake, na wasikilize wanapokuambia kwamba kipimo ulichochagua hakiingii katika jedwali la kanuni yao. Mwezi wa nane bado unaweza kuongeza mita, mwezi wa thelathini huwezi. Matokeo yakionyesha kwamba badiliko halikuokoa nishati, yapeleke kwa uzito uleule, kwa sababu kanuni iliyozuiwa kuwalazimisha watu kununua kisichofanya kazi ni mafanikio ya fedha za umma.

Mwishoni andaa nyaraka mbili tofauti. Moja ni ripoti kamili ya kiufundi yenye mbinu, takwimu na modeli zilizohifadhiwa katika hazina ya wazi ambamo wengine wanaweza kuzichukua na kurudia hesabu. Nyingine ni waraka wa kurasa chache ulioandikwa kwa lugha ya kanuni yenyewe: kifungu kilichopo, maneno yanayopendekezwa, aina za majengo yanayohusika, gharama kwa mwenye jengo, uokoaji pamoja na kiwango chake cha mashaka. Mkabidhi ofisa waraka huo kabla ya tarehe ya mwisho ya maoni ya umma, na utenge katika bajeti saa za mtafiti mmoja za kujibu maswali yatakayofuata, hata baada ya mradi kufungwa.